Barua ya wazi kwa wakurugenzi: gari la samadi lilikuwapo kabla ya hataza yenu

Kwa: Mwenyekiti wa Bodi na Wakurugenzi,
Kampuni ya zana za kilimo, Nairobi.
(Jina la kampuni nimeliacha kwa ushauri wa wakili. Ninyi mnajijua.)

Nakala: Wizara yenye dhamana ya viwanda, wakulima na mafundi wa Nakuru na Nyandarua.

KUH: HATAZA YENU YA GARI LA KUTAWANYIA SAMADI, NA BARUA MNAZOTUANDIKIA

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Natumai barua hii itawakuta mkiwa wazima. Mimi ni fundi wa vyuma. Gereji yangu iko kando ya barabara ya Njoro kwenda Elburgon, na naandika kwa niaba yangu na ya mafundi wengine saba waliopokea barua kama niliyoipokea mimi. Si desturi yangu kuanika mambo ya kazi hadharani. Nimewaandikia mara tatu, Desemba 2024, Februari 2025 na Mei 2025, na jibu pekee nililopata ni ujumbe wa mstari mmoja kwamba suala langu linashughulikiwa. Nikapanda matatu nikaja makao yenu makuu. Mlinzi aliandika jina langu kwenye daftari, dada wa mapokezi akanikaribisha kiti, nikaambiwa wakubwa wako kwenye mkutano. Nilikaa hapo na mkoba wangu wa picha tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mkutano haukuisha.

Basi nayasema hapa, mahali ambapo hakuna mapokezi.

Kwa wasomaji wasiojua tunachogombania: hataza (patent) ni cheti cha serikali kinachompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza alichovumbua, na gari la kutawanyia samadi ni mkokoteni ambao sakafu yake inatembea. Gurudumu likizunguka huvuta cheni, cheni huvuta fito za chuma zinazokokota samadi pole pole kuelekea nyuma, na huko nyuma kuna rola yenye meno inayoichambua na kuirusha shambani. Halina injini. Punda akitembea, linamwaga, akisimama, linanyamaza. Anayelima viazi anajua maana yake. Ukitaka kuweka tani nne za samadi kwa ekari, kwa toroli na uma ni kazi ya siku kadhaa na mgongo unaouma wiki nzima. Kwa gari hili, kijana mmoja na punda wake huianza na kuimaliza ekari siku hiyo hiyo, na samadi inatua nyembamba, haikai mafungu mafungu.

Novemba 2024 kijana wa boda boda aliniletea bahasha ya kaki. Nilikuwa na miwani ya kuchomelea kichwani na mikono imejaa masizi, nikamwambia aiweke juu ya tangi la maji. Binti yangu ndiye aliyenisomea jioni, kwa kuwa kurasa zote nne zilikuwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kwamba mna hataza. Kwamba magari yangu yanaiingilia. Kwamba nisimamishe kazi, niwape orodha ya wateja wangu wote, na nilipe fidia ndani ya siku 14.

Tangu siku hiyo nimesoma hataza yenu neno kwa neno, nikisaidiwa na binti yangu na wakili mmoja ambaye hajanitoza hata shilingi. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnachokidai katika dai la kwanza ni cha zamani kuliko sisi na ninyi.

Hataza huwa na madai yenye namba, kila moja likitaja kitu ambacho mwenye hataza anasema ni chake. Dai lenu la kwanza linasema mmevumbua mkokoteni unaovutwa na mnyama au trekta dogo, wenye sakafu inayoendeshwa na gurudumu, na nyuma una rola yenye mapanga yaliyoinamishwa ili samadi iruke mbali kupita upana wa magurudumu.

Waheshimiwa, sakafu inayotembea ilikuwa kwenye gari la Joseph Kemp, Mkanada, miaka ya 1870. Mapanga yaliyoinamishwa ni kazi ya Joseph Oppenheim, mwalimu wa shule katika kijiji cha Maria Stein, jimbo la Ohio kule Marekani, mwaka 1899. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata akiwatazama wanafunzi wake wakicheza mpira kwa kibao: ukikiinamisha kibao, mpira unakwenda upande. Akafunga vibao vya namna hiyo nyuma ya gari, na samadi ikaanza kuenea kupita magurudumu. Hataza za Marekani za enzi hizo zilidumu miaka 17 tu. Hesabuni wenyewe zilikufa lini.

Wala hatuhitaji kwenda Ohio. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la mzungu upande huu wa Njoro. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na gari la samadi limeachwa kwenye ua wa michongoma, mbao zimeliwa na mchwa, lakini cheni, rola na mapanga vilikuwapo. Nilicheza juu yake. Nilipoamua kutengeneza langu mwaka 2015, nilirudi pale na kipande cha chaki na karatasi ya saruji nikachora jinsi mapanga yalivyokaa. Sikuvumbua hilo, na sijawahi kumwambia mteja kwamba nimelivumbua.

Sheria yetu ya Miliki Viwanda ya mwaka 2001 iko wazi katika hili. Uvumbuzi ni mpya ikiwa haujatanguliwa na jambo lililokwisha kujulikana na umma, popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumika.

2. Kilicho kipya katika dai lenu la nne, mhandisi wenu alikiona kwangu.

Hapa ndipo panaponiuma, kwa hiyo mtanivumilia nikiparefusha.

Gari langu la kwanza lilikuwa bovu. Lilimrushia mwenye punda samadi mgongoni, na hilo nililitibu kwa ubao wa kukinga. Shida kubwa ilikuwa kurudi nyuma. Punda akirudishwa nyuma ili ageuze kwenye kona ya shamba, gurudumu lilizunguka kinyume, sakafu ikavuta samadi kwenda mbele, cheni ikakatika. Nilikata cheni sita msimu mmoja. Dawa yake ilinijia nikiwa nimembeba mtoto kwenye baiskeli: ile gia ya nyuma, inayolia ti-ti-ti ukirudisha pedali nyuma, huvuta upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Gia ya baiskeli ni nyembamba, isingehimili. Nikaunda kubwa ya namna hiyo kwa sahani mbili za chuma, meno nikayakata kwa grenda, na vikamato, yaani vipande vinavyoshika meno hayo, nikavitoa kwenye springi kuukuu ya matatu. Tangu Februari 2017 kila gari linalotoka kwangu lina kitu hicho. Wateja wanakiita "ti-ti-ti".

Machi 2019 alikuja kijana mstaarabu, akajitambulisha kuwa mhandisi wa kampuni yenu, akanunua gari moja kwa pesa taslimu. Nilimpa chai. Alikaa karibu nusu siku. Alipima kwa futi, akapiga picha, akaniuliza kwa nini ti-ti-ti ina vikamato vitatu na si viwili. Nikamweleza kwamba kwa viwili kimoja kikichakaa gari linaruka, kwa vitatu mzigo unagawanyika. Aliandika jibu langu kwenye kijitabu.

Ombi lenu la hataza mliliwasilisha Septemba 2019, na ti-ti-ti ndiyo dai lake la nne. Ukurasa wa sita wa maelezo yake unasema kwamba vikamato vitatu ni bora kuliko viwili kwa sababu mzigo hugawanyika na kimoja kikichakaa gari haliruki. Maneno ni yangu. Kilichobadilika ni lugha tu.

Simlaumu kijana yule, huenda alitumwa tu. Lakini ninyi mlitia sahihi ya kwamba mvumbuzi ni wa kwenu.

3. Usajili wa umbo la sanduku hauwezi kuzuia namna samadi inavyotoka.

Mbali na hataza mnatuonyesha cheti cha umbo la bidhaa, kwa kuwa sanduku lenu ni jembamba mbele na pana nyuma, na letu vilevile. Inchi nne zaidi kwa nyuma. Ni kweli yanafanana. Yanafanana pia miguu ya viti vyote duniani. Samadi mbichi ikisukumwa ndani ya sanduku lenye upana ule ule inakwama kwenye mbavu. Ukilipanua kuelekea nyuma inajiachia yenyewe. Sheria inasema kinga ya umbo haifiki kwenye sehemu ambayo kazi yake ni kuleta matokeo ya kiufundi tu. Rangi yenu ya kijani na zile herufi za ubavuni ni zenu, hakuna anayezitaka.

4. Barua zenu zilikuja mwezi mmoja baada ya mlango kufungwa.

Sheria humpa mtu mwenye maslahi miezi tisa, tangu kutangazwa kwa hataza iliyotolewa, kuliomba Baraza la Miliki Viwanda, linaloamua migogoro ya hataza, liifute. Hataza yenu ilitangazwa Januari 2024. Miezi tisa ikaisha Oktoba. Bahasha ya kaki ikafika Novemba, kwa mafundi wote wanane, wiki ile ile. Labda ni bahati tu. Lakini jarida la hataza halifiki Elburgon, nanyi mlijua tulipo tangu 2019, maana risiti niliyompa mhandisi wenu ina namba yangu ya simu. Kama mliamini haki ni yenu, mbona hamkutuambia tukiwa bado na muda wa kujibu?

5. Mmewatisha watu wasiohusika.

Bei ya mbolea ya dukani ilipopanda mwaka 2022, gunia la kilo 50 likapita shilingi 6,000 kabla ya ruzuku ya serikali kulishusha hadi 3,500, wakulima walirudi kwenye samadi ya boma zao. Kazi yetu ikaongezeka. Kikundi kimoja cha vijana Nyandarua kiliagiza magari sita kwa mkopo. Mkawaandikia na wao, kwamba atakayenunua gari "la wizi" naye ataingizwa kwenye kesi. Wakafuta oda. Chuma nilikuwa nimeshakinunua na kukikata. Kimeegemea ukuta wa gereji hadi leo, kinashika kutu. Vijana wangu wawili nimewarudisha nyumbani. Mzee mmoja wa Ol Kalou, mteja wangu tangu 2018, amelifunika gari lake kwa turubai nyuma ya zizi kama mtu aliyeficha chang'aa. Nimemwambia alitumie bila hofu. Anasema yeye hataki mambo ya korti.

Najua mtakachojibu, kwa kuwa wakili wenu alikwisha kukigusia kwa simu.

Mtasema: cheti kimetolewa na serikali, kwa hiyo ni halali. Cheti kinapotolewa, mchunguzi hutazama kilichoandikwa mahali anapoweza kukiona. Hakuweza kuiona karatasi yangu ya saruji. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo iliyotoa cheti ikaweka na njia ya kukifuta.

Mtasema: mbona hamkusajili wenyewe? Kwa sababu hatukutaka. Nilimfundisha ti-ti-ti kila fundi aliyeuliza, na wanne kati ya hawa saba walijifunza kwangu. Kutokusajili kitu hakumpi mpita njia ruhusa ya kukisajili kwa jina lake. Na kwa kuwa kilikuwa kinauzwa barabarani tangu 2017, hata mimi mwenyewe nisingeweza kuja 2019 kukiombea hataza, maana sheria humpa mvumbuzi miezi 12 tu tangu alipokitoa hadharani. Kama mimi mwenyewe nilikuwa nimechelewa, ninyi mliwahi vipi?

Mtasema hatuna ushahidi ila maneno. Tuna picha. Afisa wa ugani alipiga picha gari langu siku ya wakulima mwaka 2017, kifuniko cha ti-ti-ti kikiwa wazi, na meno yanaonekana. Wakili wangu alinisimulia kesi ya Uingereza iliyoripotiwa mwaka 1963, kati ya kampuni ya Kiholanzi van der Lely na Bamfords, kuhusu reki ya kukusanyia nyasi kavu. Picha moja ya reki iliyochapishwa zamani, bila maelezo ya jinsi inavyofanya kazi, ilitosha kuliangusha dai kuu la hataza, kwa kuwa fundi mwenye ujuzi akiitazama angejua magurudumu yake yanazungushwa na ardhi. Si sheria ya Kenya hiyo, lakini majaji wetu huzisoma kesi kama hizo. Picha yetu inaonyesha zaidi ya ile.

Na mtasema mmetumia fedha nyingi za utafiti. Hili sitalipinga lote. Katika dai la saba mmeweka kisanduku cha gia chenye kasi tatu, mkulima anabadili unene wa samadi bila kushuka. Nimekiona kwa jirani. Ni kazi safi, sikuwahi kuifikiria, na hakuna fundi wa huku aliyeiiga. Hiyo ni yenu kwa miaka yote 20 ya hataza, nami nitakuwa wa kwanza kumkemea atakayeiiba. Lakini kwa kisanduku kimoja mmezungushia ua gari zima, na lile la michongomani alilochezea mtoto wa fundi ndani yake. Nadhani walioandika madai yenu waliwauzia mbuzi kwenye gunia: waliwaambia mnamiliki mengi, nanyi hamkufungua kutazama.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, ndani ya siku 30 tangu leo.

Kwanza, mziondoe kwa maandishi barua zote nane mlizotuandikia, pamoja na madai ya fidia na ya orodha za wateja.

Pili, muwaandikie kikundi cha vijana wa Nyandarua na kila mkulima mliyemtisha, kwa Kiswahili, kwamba gari alilonunua kwetu ni halali kulitumia. Mzee wa Ol Kalou apelekewe barua yake mkononi.

Tatu, mlisalimishe dai la kwanza na la nne, na usajili wa umbo la sanduku. Sheria inamruhusu mwenye hataza kusalimisha baadhi ya madai na kubaki na mengine. Bakini na la saba.

Nne, kama mnaona nimekosea popote, tukutane. Si Nairobi, nauli ya kungojea mkutano usioisha sina tena. Njooni gereji, mje na yule mhandisi na kile kijitabu chake. Nitaweka gari langu la 2017 na lenu sambamba, tufungue vifuniko vyote viwili mbele ya watu.

Siku 30 zikipita kimya, hatutasimamisha kazi. Sheria inamlinda aliyekuwa akitengeneza kitu kwa nia njema kabla ombi la hataza halijawasilishwa, na kwa kinga hiyo tutaendelea. Mkitushtaki, tutajitetea mbele ya Baraza na kuomba hataza yenyewe ipimwe upya. Mafundi wanane tumeshachanga ada. Afisa wa ugani amekubali kuja na simu yake ya zamani, na wateja 11 walionunua kabla ya Septemba 2019 wako tayari kuapa, wawili wao wakiwa bado na risiti.

Chuma cha yale magari sita nitaanza kukiunganisha Jumatatu.

Wenu katika kazi,

Fundi wa vyuma,
barabara ya Njoro–Elburgon,
kwa niaba ya mafundi wanane wa Nakuru na Nyandarua.